Laini tumesajili kwa vidole, vitambulisho tumebeba, mbona bado tunaibiwa vilevile?

#1 Mwana wa Kilosa

Wakuu, habari zenu.

Nina donge, naomba tulijadili kwa utulivu. Wiki mbili zilizopita mama yangu, yuko kijijini, aliingiwa na ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo." Siku hiyohiyo alikuwa anasubiri maelekezo ya fundi bati. Akatuma laki nne na themanini. Jina lilipotokea likawa la mwanamke, akadhani ni mke wa fundi. Dakika kumi baadaye fundi mwenyewe anapiga kuulizia hela yake.

Tukafungua jalada. Nilikwenda nikiwa na matumaini makubwa, maana nilijiambia laini imesajiliwa kwa alama za vidole, ina namba ya NIDA, ile mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na tarehe ya kuzaliwa, mwizi huyu amejifunga mwenyewe. Na kweli, mwenye laini alipatikana ndani ya siku nne. Ni bibi wa miaka 71, mkulima wa mihogo, mkoa mwingine kabisa. Ana simu ya tochi na ujumbe husomewa na mjukuu. Mwaka juzi kijana wa mwavuli alimsajilia laini gulioni, akamwambia, "Bibi bonyeza tena, mashine haijasoma." Akabonyeza mara tatu. Laini moja akapewa yeye. Zile mbili hakuziona.

Sasa naweka hoja. Kitambulisho cha taifa, usajili wa laini, vitabu vya getini, vyote hivi vimetuandikisha sisi tusio na nia mbaya, na mwizi anapita pembeni. Anayepinga aje na mfano, nitamsikiliza.

#2 Kinyozi wa Sinza

Pole sana kwa mama. Wote mnaosoma hapa, kabla hamjachangia, pigeni *106# muone laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yenu ya NIDA. Na huo ujumbe wa "ile hela" utumeni 15040. Mimi napiga sasa hivi, narudi.

#3 Wakala Mbagala

Mleta uzi, hilo la bibi silishangai. Niko kwenye uwakala mwaka wa tisa. Kijana wa mwavuli hana mshahara, analipwa kwa kila laini anayosajili. Ikifika saa tisa hajatimiza idadi, kidole cha bibi anayeamini kila anachoambiwa kinakuwa mtaji. Laini ikishasajiliwa kuna wanaoitafuta, wanainunua ikiwa tayari.

Na hela haikai. Ikiingia inarushwa laini ya pili, ya tatu, halafu inatolewa kwa mtu kama mimi. Huyo mteja utamjua, anakuja jioni watu wamejaa, laini zimefungwa kwenye karatasi ya sigara mfuko wa shati. Utaratibu unasema nimwombe kitambulisho na niandike kwenye daftari. Ananionyesha picha ya kitambulisho kwenye simu, kioo kimepasuka, nyuma yake watu sita wananipigia kelele niharakishe. Naandika namba ninayoiona. Kama sura ni yake au si yake, Mungu ndiye anajua.

#4 Koplo Mstaafu

Mleta uzi, pole, lakini napinga hoja yako. Kitambulisho hakikuwekwa ili mwizi asiibe. Kiliwekwa ili akishaiba pawe na pa kuanzia. Nimetumikia miaka 31. Zamani mtu anakamatwa Mwanza anaitwa Juma, Tabora anaitwa Shija, Kigoma ana jina la kikristo, na kote ni kosa lake la kwanza. Basi likipinduka, maiti asiye na karatasi anazikwa na halmashauri, ndugu wanaendelea kumtafuta miaka. Leo kidole kinasema. Vijana hamuwezi kujua uzito wa jambo hilo kama hamjawahi kusimama mochwari na mama anayetafuta mwanawe.

Na kwa jalada la mama yako, usikate tamaa kwa bibi. Laini ikisajiliwa kunabaki alama ya aliyeisajili. Mwulize mpelelezi: wakala gani, mashine gani? Hapo ndipo kazi inaanza, wengi wanadhani ndipo ilipoishia.

#5 Kinyozi wa Sinza

Nimerudi. Ziko nne. Mbili sizijui kabisa.

#6 Mama Ntilie Ubungo

Kinyozi, kesho asubuhi nenda ofisi za mtandao husika na kitambulisho chako, waambie si zako wazifute. Usisubiri. Siku laini hizo zikitumika kuiba wewe ndiye "bibi wa mihogo".

#7 Binti Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Niwape ya kwetu, maana sisi kitambulisho tunacho tangu ukoloni, tena tunakiita kipande mpaka leo. Kilianza 1920, mwanamume Mwafrika anakivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, kina alama za vidole na jina la mzungu anayemfanyia kazi. Akitoroka shamba anasakwa. Kikopo kile kilimlinda nani? Mwenye shamba. Ndiyo maana Harry Thuku alisimama kukipinga, na alipokamatwa Machi 1922 watu walipigwa risasi Nairobi.

Mimi nilipotaka changu nilipigwa msasa. Wenzangu wa bara walipeleka cheti cha kuzaliwa wakamaliza, mimi nikaulizwa cheti cha babu. Babu yangu alikuwa baharia, alizaliwa kabla vyeti havijafika mtaani kwetu. Miezi kumi na moja nakwenda na kurudi. Mwanangu, usalama gani huo wa kumtilia shaka mtoto wa Mji wa Kale ambaye imamu, mwalimu na majirani wote wanamjua?

#8 Mwalimu wa Historia

Binti Kibokoni, nyongeza ndogo. Sheria yenyewe ya kipande ni ya 1915. Vita vya kwanza vilichelewesha utekelezaji, ndiyo maana wengi hutaja 1920. Mengine umesema sawasawa. Na kama upo Kenya, msasa ule rais wenu alitangaza kuuondoa Februari 2025 akiwa kaskazini mashariki.

#9 Binti Kibokoni

Asante Mwalimu. Kutangaza alitangaza. Mimi nimeshazeeka nikingoja.

#10 Koplo Mstaafu

Binti, dhuluma hiyo siitetei. Lakini Kenya ina Al-Shabaab mpakani. Westgate, lile duka kubwa la Nairobi, 21 Septemba 2013, waliuawa watu 67. Ungekuwa afisa ungefanyaje?

#11 Mtu wa Isili

Koplo, naomba nijibu mimi, nilikuwepo. Aprili 2014 ilipokuja operesheni ya Usalama Watch, maelfu walizolewa Eastleigh, mtaa wetu wa Isili wenye Wasomali wengi, wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa. Mimi nilikuwa na kitambulisho changu mkononi, nimekinyoosha hivi. Askari mmoja akakiangalia, akaniangalia sura, akaniambia panda gari. Nililala kituoni usiku mbili. Kitambulisho kilikuwa halali. Shida ilikuwa jina na pua.

Halafu mwaka mmoja baadaye, 2 Aprili 2015, chuo kikuu cha Garissa kikashambuliwa. Waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Mmoja wa washambuliaji alikuwa Mkenya, amesoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, baba yake chifu Mandera. Huyo angesimamishwa kizuizi chochote angepita, karatasi zake safi kuliko zangu. Na baba yake alikuwa ameshatoa taarifa kwamba mwanawe amepotea na anahofia alikokwenda. Taarifa ilitoka kwa mzazi. Kadi haikusema kitu.

#12 Ughaibuni Leicester

Mtu wa Isili umegusa penyewe. Huku Uingereza mjadala huu uliwaka miaka ile ya mabomu. Hispania kila mtu mzima ana kadi, na 11 Machi 2004 treni za Madrid zililipuliwa, wakafa zaidi ya watu 190. London haikuwa na kadi, 7 Julai 2005 wakafa 52. Waziri wa mambo ya ndani wa wakati ule, Charles Clarke, ambaye ndiye aliyekuwa akizipigania kadi, alikiri kwamba ana shaka kama zingezuia lile tukio. Sheria ikapita 2006, ikafutwa 2010.

Kabla ya hapo walikuwa nazo wakati wa vita, kuanzia 1939. Vita vikaisha, kadi zikabaki. Desemba 1950 dereva mmoja, Clarence Willcock, akasimamishwa na polisi London akakataa kutoa yake. Alishindwa kesi, lakini Jaji Mkuu akasema kuzitumia kadi kwa mambo ambayo hazikukusudiwa kunawafanya watu wawachukie polisi. 1952 zikafutwa.

#13 Koplo Mstaafu

Na huyo Clarke hakuziacha kadi kwa sababu hiyo, sema ukweli wote. Hoja haikuwa bomu peke yake.

#14 Ughaibuni Leicester

Kweli, Koplo. Alisema bado ziwepo, kwa sababu nyingine.

#15 Mlinzi Getini

Niseme kwa upande wa ulinzi maana ndiyo mkate wangu. Nalinda jengo la ghorofa tisa katikati ya jiji. Kitabu changu kina jina, simu, unakwenda ofisi gani, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia, saa ya kutoka, saini. Miaka minne sijawahi kuona mtu akikifungua kukisoma. Vikijaa tunavipanga chini ya ngazi, mvua za mwaka jana zililowesha karibu vyote. Kile kidude cha kupimia chuma betri yake ilikufa mwezi wa tatu, nikaambiwa niendelee kukipitisha hivyohivyo ili wageni wajisikie salama. Nakipitisha, na moyo unaniuma kila siku, kwa sababu likitokea la kutokea mimi ndiye niko mlangoni.

Kinachonisaidia ni kuwajua watu. Nawajua wauza chai, nawajua mafundi wa lifti, najua gari gani hulala na gani halilali. Mwezi wa tano nilimzuia mtu aliyebeba kompyuta mbili saa moja jioni. Alikuwa na kitambulisho. Alikuwa ameandika vizuri kitabuni. Nilimzuia kwa sababu alinisalimia kwa jina la mlinzi aliyeacha kazi.

#16 Mzee wa Nyumba Kumi

Mlinzi, Mungu akubariki. Ndilo ninalotaka kusema. Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi enzi za TANU na CCM. Mgeni akilala kwako unamleta kwangu asubuhi, naandika. Nilijua nani ana mgonjwa, nani kaoa, nani ana redio mpya na hana kazi. Kenya walipopigwa Westgate walikuja kuchukua jina hilohilo, Nyumba Kumi, kutoka kwetu. Sisi wenyewe tumeliacha life. Leo mtoto wangu Tabata hamjui wa nyumba ya pili. Mkuu, kadi inajua jina lako. Jirani anajua mwenendo wako.

#17 Dada wa Shinyanga

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, huo ujirani nao una meno. Sungusungu walianza kwetu miaka ya 1980 mwanzoni kwa sababu ng'ombe walikuwa wanaibwa na watu wanauawa. Wizi ulipungua kweli, baba yangu hulisimulia hilo kwa fahari. Lakini bibi wangapi wa macho mekundu walituhumiwa uchawi, wakafukuzwa, wengine wakauawa, na majirani hao hao wanaojua mwenendo wako? Macho yale mekundu ni ya moshi wa kuni miaka hamsini jikoni. Mimi naogopa nikiambiwa usalama wangu uko mikononi mwa wanaonijua. Kwenye kadi angalau nina haki ya kukata rufaa.

#18 Mzee wa Nyumba Kumi

Marahaba mwanangu. Umenipiga pabaya na sina la kukupinga.

#19 Msafiri wa Rusumo

Naendesha lori Dar hadi Kigali. Wanyarwanda, Wakenya na Waganda tangu 2014 wanavuka kwao kwa kitambulisho cha taifa, sisi Wabongo hatumo, tunahitaji pasi. Ila nataka kusema jingine. Rwanda Wabelgiji walianzisha kadi miaka ya 1930, zikaandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Miaka sitini baadaye, 1994, vizuizi vikawekwa barabarani na kila anayepita anaambiwa atoe kadi. Neno moja pale ndilo lililoamua nani anapita na nani anauawa palepale. Baada ya mauaji yale serikali ilifuta neno hilo kwenye kadi. Nimewahi kukaa na mzee mmoja Kayonza, aliniambia mpaka leo mkono unamtetemeka akiombwa kitambulisho, hata benki.

Kwa hiyo mimi swali langu si kama kadi inaleta usalama. Nauliza ina nini ndani, na nani anaishika siku nchi ikichafuka.

#20 Mama Ntilie Ubungo

Nimeacha kuosha vyombo kusoma hii. Asante Msafiri.

#21 Mpemba Ruwi

Mie nipo Maskati mwaka wa kumi na mbili. Hapa bila bataka, yaani kitambulisho, huli. Benki, hospitali, simu, nyumba, vyote bataka. Na nikuambieni, mlango wangu naufunga kwa mazoea tu, usiku watoto wanatembea. Sasa ni bataka au ni nini? Hapa polisi wakiitwa wanafika, wageni wengi wapo kwa mkataba wa kazi, akifanya kosa anarudishwa kwao. Mie siwezi kusema ni kadi iliyofanya. Na matapeli wa simu wapo vilevile: "Bataka yako imesimamishwa, nipe namba tuifungue." Wanaibia watu kwa jina la hiyohiyo bataka.

#22 Kijana wa Chato

Watu mnasahau tulikotoka. Kabla ya NIDA kuanzishwa 2013 laini zilikuwa zinauzwa kama karanga. Tukapewa hadi 31 Desemba 2019 kusajili laini kwa vidole, Hayati Magufuli akaongeza hadi 20 Januari 2020, ndipo laini zikazimwa. Usingesajili hata huyo bibi usingempata.

#23 Mwalimu wa Historia

NIDA ilianzishwa 2008, vitambulisho vya kwanza ndivyo vilivyotolewa Februari 2013. Na sheria ya kusajili na kutambua watu ni ya 1986. Kwa upande wa Zanzibar, kitambulisho cha mkaazi kipo tangu 2005. Lile la mwisho, kwamba bibi asingepatikana, ni hoja nzuri, japo sijui kama bibi mwenyewe amefurahi kupatikana.

#24 Kijana wa Kawempe

Uganda tulipita njia hiyo. Machi 2017 Kaweesi, afande mkubwa wa polisi, aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake. Aprili tukaambiwa kila laini ihakikiwe kwa kitambulisho cha taifa, siku saba, foleni mpaka barabarani, baadaye wakaongeza muda. Juni 2018 mbunge Abiriga akauawa kwa risasi, waliomuua walikuwa kwenye pikipiki. Ndipo zikaja kamera, na mpango wa namba za kielektroniki za magari. Kila msiba unaleta kadi mpya au kamera mpya, na sisi ndio tunaolipia. Sisemi kamera hazijakamata mtu. Zimekamata. Ila wenzangu wa boda wanaogopa zaidi zile gari zisizo na namba zinazochukua watu, na hizo kamera hazizioni.

#25 Koplo Mstaafu

Kawempe, hilo la mwisho ni zito na ni kweli kwamba chombo chochote kinategemea mkono. Lakini mnataka nini badala yake? Turudi kwenye Juma na Shija? Mimi nasema tatizo la uzi huu ni kijana wa mwavuli na anayemlipa kwa idadi. Rekebisha hapo. Usilaumu kidole.

#26 Wakala Mbagala

Koplo leo tumekubaliana, andikeni tarehe. Wakilipa kwa laini inayodumu miezi sita na mwenyewe, badala ya kulipa kwa laini mpya, utaona mchezo unapungua bila kuongeza hata kadi moja.

#27 Fundi Vidole

Na wasiosoma vidole je? Baba yangu amefyatua tofali miaka thelathini, ncha za vidole zimekuwa laini kama kioo. Mashine inamkataa kila mahali. Laini anayotumia ni kwa jina langu. Kwa hiyo kwenye mfumo baba yangu hapigi simu, ninayepiga ni mimi, Dar na kijijini kwa wakati mmoja. Siku baba akikosea ninashikwa mimi, na nimekubali, nitafanyaje?

#28 Mama Ntilie Ubungo

Mpake mafuta ya nazi usiku kucha na soksi, asubuhi anawe maji ya uvuguvugu ndipo aweke kidole. Kwa mama yangu ilisoma mara ya nne.

#29 Fundi Vidole

Nitajaribu, asante mama.

#30 Mwana wa Kilosa

Wakuu, nimesoma zote. Leo nilirudi kituoni nikauliza swali la Koplo. Wakala aliyesajili amejulikana, lakini aliacha kazi zamani, na namba yake ya usajili inatumiwa na vijana wengine wawili pale gulioni. Mpelelezi anasema atawaita.

Jingine. Yule bibi amekuwa akiitwa kituo cha kwao kila baada ya siku chache, nauli yake mwenyewe, elfu nne kwenda na kurudi. Niliposema hilo nyumbani, mama akaniambia nimpe simu. Wameongea karibu nusu saa, zaidi habari za mvua na mihogo iliyoingia ugonjwa. Mama amesema keshokutwa nimpeleke kituoni, anataka iandikwe kwenye jalada kwamba hamdai yule bibi hata senti.

Kinyozi, umezifuta zile mbili?

#31 Kinyozi wa Sinza

Moja imefutwa. Ya pili wameniambia ina salio, nirudi Jumatatu na barua ya serikali ya mtaa.

#32 Wakala Mbagala

Ina salio? Kinyozi, usiende peke yako, nenda na mtu. Na wewe Kilosa, mwambie mpelelezi aangalie zile laini tatu za bibi zilisajiliwa saa ngapi. Zikiwa zimepishana dakika, na mashine ni moja, hao vijana watatu atajua ni yupi alikuwa zamu siku hiyo.